Mwanangu, hiyo laki mbili na nusu usiitume

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliupata juzi jioni nikiwa bado ufukweni nakunja nyavu za kuanikia. Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Ningekujibu palepale, ningekuandikia kwa hasira, na hasira yenyewe sijui ingekuangukia wewe au wale jamaa. Sasa ni siku za mbalamwezi, mitumbwi imepandishwa mchangani, dagaa hakuna. Nina muda wa kukaa.

Umesema ile ofisi ya ushauri wa ajira hapo mjini uliilipa shilingi 350,000 mwezi wa tatu. Mlikubaliana vikao sita, kipimo cha kujua kazi inayokufaa, CV mpya, kisha kukutanishwa na waajiri. Mpaka leo umepata kikao kimoja cha dakika arobaini, kipimo, na CV inayosema umewahi kufanya kazi hotelini Arusha, mji ambao hujaukanyaga. Sasa wanataka 250,000 nyingine ndipo waendelee na hatua ya waajiri. Unauliza umalizie ili ile ya kwanza isiende bure, au uache. Halafu mwisho kabisa, baada ya salamu, kama mtu aliyetoka akakumbuka kitu akarudi mlangoni, ukauliza kama wewe ni mjinga.

Usitume. Hilo halina mjadala.

La ujinga ndilo lililonikalisha macho, kwa sababu kulijibu lazima nikwambie jambo ambalo hata baba yako nilimwambia nusu tu.

Unakumbuka ukiwa kidato cha pili ulirudishwa nyumbani wiki mbili kwa ajili ya ada? Nilikwambia soko limeanguka. Soko halikuanguka. Mwaka ule alikuja mtu mwenye mtumbwi, mpole, anasalimia mpaka watoto. Akasema nikimsaidia kununua injini, kila giza, siku zisizo na mbalamwezi dagaa wanapovuliwa, nitakuwa wa kwanza kuchukua mzigo wake, kwa bei ya ufukweni. Nikampa. Baada ya mwezi akaja, injini ipo ila imekosa panga la kusukumia maji. Nikampa. Akaja tena, sasa ni nyavu. Mara ya tatu ile, mwanangu, nilikuwa najua. Mkono ulikuwa unahesabu noti na moyo unajua. Lakini nilijiambia, nikikataa sasa, zile za kwanza zitakuwa zimepotea, na nitakuwa mwanamke aliyeliwa. Kumbe zilikuwa zimepotea tangu siku ya kwanza. Hiyo ya tatu ndiyo ilikuwa ada yako.

Kwa hiyo kama wewe ni mjinga, umemrithi mtu.

Nikiona maneno yako, "nimalizie ili ile ya kwanza isiende bure," naisikia sauti yangu. Ile ya kwanza imeshatoka. Ukituma au usipotuma, imeshatoka. Kinachobaki mkononi mwako ni hii ya pili, na swali lake ni dogo: kama leo usingekuwa umewalipa hata senti, ungeingia pale mlangoni na kuwapa 250,000 kwa kazi uliyoiona? Umeshajijibu.

Sasa kuna kitu nataka ukitenganishe vizuri, maana katika ujumbe wako umevichanganya. Umeandika, "wamenitapeli, sijapata kazi." Kukosa kazi si kosa lao. Mtu akikupa ushauri mzuri na bado usiajiriwe, amefanya kazi yake. Kosa lao ni vikao vitano ambavyo hukupata na hoteli ya Arusha. Ukienda kudai ukaanza na kazi, watakuzungusha mpaka usiku: ajira ni ngumu, subira, wewe mwenyewe hukujituma kwenye usaili. Ukienda na vikao vitano, hawana pa kwenda. Vilikuwepo au havikuwepo.

Na uwe mkweli pia. Kikao kile kimoja uliniambia mwenyewe kilikusaidia, yule dada alikuuliza kwa nini hukuandika popote kwamba umenishikia daftari la mauzo miaka minne. Swali zuri! Mimi mwenyewe sikuwahi kuliona kama kazi ya kuandikwa. Kwa hilo walipwe. Gunia likiwa na mchanga chini, dagaa wa juu bado ni dagaa. Unalipa wa juu, unarudisha mchanga.

Kuhusu kipimo nilimuuliza jirani yetu, mwalimu mstaafu, yule aliyekuwa akishughulika na ushauri na unasihi shuleni. Nikamwonyesha yale majibu yako yenye herufi. Akacheka kidogo. Akasema mpangilio ule wa aina sita za watu, wa mikono, wa utafiti, wa sanaa, wa kuhudumia watu, wa biashara na wa mpangilio wa ofisini, ni wa mwanasaikolojia wa Marekani, John Holland, na kwamba Wizara ya Kazi ya Marekani ina kipimo cha namna hiyohiyo kwenye intaneti, bure, ukijua Kiingereza unajaza mwenyewe. Lakini hakukidharau. Alisema kipimo ni mizani. Mizani inakwambia samaki ana kilo ngapi, haikwambii umpeleke soko gani, na huyo wa kukaa na wewe kuangalia soko ndiye uliyemlipia. Kwa hiyo kipimo chao usikihesabu kwa bei kubwa.

Kile kikaratasi chao kilichoandikwa "uhakika wa ajira ndani ya miezi mitatu" kitunze sana. Kazi za serikali zinaombwa kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, watu wanaitwa kwenye usaili, na kuomba hakulipiwi. Wenyewe wamekuwa wakitangaza kila mara kwamba anayeomba fedha ni tapeli. Kwa upande mwingine kuna TaESA, huduma za ajira za serikali, wanakusajili bila kukutoza, na kuna mpango wao wa wahitimu kwenda kupata uzoefu kazini. Ungeanzia huko. Sikulaumu, hata mimi nimelijua juzi kwa mwalimu. Ila mshauri yeyote anayekuuzia uhakika wa kitu kilichoko mkononi mwa mwajiri, anauza samaki aliye ziwani.

Sasa la kufanya. Waandikie barua, ya karatasi, na tarehe. Taja ulicholipa, ulichoahidiwa, ulichopata. Omba sehemu ya vikao vitano irudishwe, na CV ya uongo ifutwe popote walipoituma. Hilo la pili mimi linanitisha kuliko hela, maana mwajiri akipiga simu Arusha, mwongo ni wewe, si wao. Wape siku kumi na nne. Nakala moja wakusainie kuwa wameipokea, na uende na mtu, usiende peke yako. Ujumbe wa muamala na mazungumzo yote ya simu usifute hata kimoja. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 mambo ya simu yanakubalika mahakamani kama ushahidi. Wakikataa, Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya namna hiyo, kwa Kiswahili, na huhitaji wakili. Usijali kwamba hamkuwa na mkataba wenye muhuri. Makubaliano ni makubaliano, ukiweza kuyathibitisha.

Usiwaanike mitandaoni kwa jina kabla ya barua. Najua vidole vinakuwasha.

Inawezekana usipate kitu. Yule wa injini sikuwahi kupata kwake hata uzi wa nyavu. Lakini mimi sikudai, niliona aibu watu wajue, nikanyamaza, na mwaka uliofuata akamla jirani yangu wa pale kwenye chanja. Yule mama hajui mpaka leo kwamba ningeweza kumwonya.

Panda meli Ijumaa. Njoo na ile CV, mdogo wako ameshajifunza kupiga chapa vizuri pale kwa mwalimu, tutaiandika upya hapa hapa, na daftari langu la mauzo litakuwa mezani uchukue tarehe sahihi. Ukipita sokoni ninunulie magunia kumi matupu, yale imara. Giza linaanza wiki ijayo.

Mimi mama yako,
Nansio, Ukerewe