Jibu: Niliishia kidato cha tatu, naweza kufika chuo?

Dada, pole kwa yaliyokukuta. Kuishia kidato cha tatu hakujakufungia mlango. Kama kidato cha pili hukufaulu, anza na QT, yaani Mtihani wa Maarifa, unaokuruhusu kufanya mtihani wa kidato cha nne. Kama ulifaulu, itafute namba yako ya mtihani, ujisajili NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) kama mtahiniwa wa kujitegemea, ufanye mtihani wa kidato cha nne. Namba yangu niliikuta nyuma ya daftari la Jiografia, mende wameshalitafuna pembeni, nikaishika kama dhahabu.

Ukifaulu masomo manne (ya dini hayahesabiwi) unaingia astashahada (cheti), kisha stashahada (diploma), na stashahada yenye GPA (wastani wa alama) ya 3.0 inakupeleka digrii bila kidato cha sita. Ila nakusihi, chagua masomo ukijua kozi unayoitaka: uuguzi bila Kemia na Baiolojia hawakupokei.