Uzi Mnene Si Joto: Kwa Nini Glavu Zako Zinapitisha Baridi

SWALI: Mwalimu, nimefuma glavu za sufu, zile za vidole vinne pamoja na gumba peke yake, za kuvaa nikitembea asubuhi majira haya ya majani kupukutika. Nilichagua uzi mnene kuliko wote na sindano za milimita 8 ili nimalize haraka. Upepo ukivuma kidogo tu, vidole vinakufa ganzi. Rafiki yangu ananishauri nizichemshe zikaze. Je, nizichemshe, au nifume nyingine kwa uzi mnene zaidi?

JIBU: Usizichemshe, na uzi mnene zaidi usinunue. Kila baridi inapoanza naletewa swali hili, na chanzo ni kilekile: mtu ameaminishwa kwamba unene ndio joto.

Kinachokupasha joto ni hewa iliyotulia ndani ya sufu. Nyuzi zake zimejikunja kwa asili, na katika mikunjo hiyo hewa hunaswa ikakaa. Upepo ukipata pa kupita, hewa hiyo inafukuzwa na joto la mkono linaondoka nayo. Inua glavu yako mbele ya taa. Ukiona mwanga kati ya vitanzi, hapo ndipo baridi inapoingilia, na kwa sindano za milimita 8 naamini utauona kote.

Sindano inayotajwa kwenye lebo ya uzi kwa kawaida ni ya kufumia vazi linalotakiwa kuwa laini, kama sweta. Glavu inataka ufumaji uliobana. Uzi wa unene wa kati ulioandikiwa milimita 4.5, mimi naufuma kwa 3.5, na kwenye kipande cha majaribio natafuta vitanzi kama 24 katika sentimita 10. Mkono utachoka, na kazi itakwenda polepole. Hakuna njia ya kulikwepa hilo, na anayekuahidi glavu za joto kwa jioni moja anakupotosha.

Kubana kwa ufumaji kusikufanye ubane mkono. Kiganja chenye mzingo wa sentimita 20 kipe glavu ya 21 hivi, yaani vitanzi kama 50, na uache nafasi kidogo juu ya ncha za vidole. Glavu inayobana huiminya sufu ikapoteza hewa yake, na damu nayo haifiki vizuri vidoleni. Ukiweza kufuma kwa rangi mbili, fanya hivyo: uzi unaopita nyuma ya vitanzi unakuwa tabaka la pili upande wa ndani. Pindo la kifundo liwe refu, liingie ndani ya mkono wa koti.

Sasa hilo la kuchemsha, ambalo linaharibu kazi za watu kila mwaka. Unyoya wa sufu una magamba madogo. Maji ya moto, sabuni na msuguano huyafanya yashikane, na yakishashikana hayaachani tena. Glavu iliyofumwa kwa kipimo cha mkono wako itatoka imefupika, gumba limepinda, na huna cha kufumua. Wanaokazisha sufu kwa makusudi hufuma kubwa mno tangu mwanzo na hujaribu kwanza kwenye kipande. Tena, sufu iliyotibiwa ili ifuliwe kwa mashine haikazi. Maji ya moto huweza kuilegeza zaidi.

Zako zifumue. Zungusha uzi kwenye kiti, ufunge, uuloweke katika maji vuguvugu na uuanike ukining'inia hadi unyooke. Kisha ufume upya kwa sindano za milimita 6, au 5.5 kama mikono yako inaweza.

Kabla ya hapo hakikisha ni sufu kweli, maana lebo nyingi hutamba tu kwa maneno. Kata kipande kifupi, ukishike kwa kibano juu ya sinki na ukiwashe. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, huzimika ukiondoa moto, na majivu yake husagika kwa vidole. Akriliki, yaani uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki, huyeyuka na kuacha tone gumu. Tofauti hiyo utaihisi njiani: sufu hufyonza mvuke wa jasho hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi unyevu, lakini akriliki hufyonza kidogo mno, na jasho likibaki kwenye ngozi vidole hupoa upesi ukisimama kupumzika. Ukipata tone gumu, uzi huo fumia kitu kingine, lebo iseme itakavyo.