Nyama ya mbuzi inafyonza mwanga mwekundu hivi kweli?

SWALI: Niko chuo Mbarara, napima nyama ya mbuzi kwa maikroskopu nimefunga simu juu, vipande ni kama milimita 1. Nimeweka LED ya kijani halafu nyekundu (nm 650, yaani nanomita), nikatumia fomula ya Beer na Lambert (inayokadiria ufyonzaji kutokana na mwanga uliopungua), lakini ufyonzaji unatoka karibu sawa. Nimekosea wapi?

JIBU: Hesabu sina shida nayo ndugu yangu, shida ni hicho ulichopima. Hiyo fomula inajua tu mwanga umepungua, haijui umeenda wapi, na kwenye nyama mwingi haufyonzwi, unatawanyika unapita pembeni ya lenzi na wewe unauhesabu kama umefyonzwa. Rangi ya nyama na damu iliyobaki zinafyonza sana nm 540 mpaka 580, ila ukifika 650 zinafyonza kidogo tu, kwa hiyo nyekundu yako imepotelea kwenye kutawanyika.

Halafu milimita 1 ni nene mno aisee. Kwenye tishu laini mwanga unapindishwa kila baada ya mikrometa 100 hivi, sasa milimita nzima si umeshapinda kama mara 10, fomula hapo haifanyi kazi tena. Gandisha nyama, kata na wembe mpya, tafuta mikrometa 50. Unene usikisie, fokasi juu ya kipande kisha chini yake, hesabu mistari ya kinobu ndogo ya fokasi (nyingi mstari mmoja ni mikrometa 2, hakikisha ya kwako) uzidishe kwa 1.38, maana ndani ya tishu chini kunaonekana karibu kuliko kulivyo.

Sasa pima sehemu ileile kwa lenzi ya 4x halafu ya 40x, diafragma ya kondensa (kitundu cha mwanga chini ya slaidi) ukiwa umeibana. Lenzi ya 4x iliyoandikwa 0.10 (namba ya upana wa pembe inayodaka mwanga) inadaka kama digrii 4 tu ndani ya tishu, ya 40x yenye 0.65 inafika 28 hivi, na mwanga kwenye tishu kwa kawaida unapinda kama digrii 25 huku ukienda mbele. "Ufyonzaji" ukishuka kwenye 40x, kilichoshuka ni mtawanyiko. Kila lenzi ipigie picha ya slaidi tupu isiyo na nyama, na picha ya giza LED ikiwa imezimwa. Simu iwe RAW (picha ghafi isiyochakatwa), eksposha umeilock, JPEG inachezea mwanga. LED iweke kwenye pawabenki, umeme wetu unaujua.

Kutenganisha ufyonzaji na mtawanyiko kabisa kunataka lile tufe jeupe ndani linalokusanya mwanga wa pembe zote, pamoja na programu ya bure ya Scott Prahl inaitwa IAD. Kama huna tufe, kwenye ripoti andika upungufu wa jumla wa mwanga, neno ufyonzaji liondoe.