Mume wangu anasema hata Mtume alichunga kondoo

SWALI: Asalaam alaykum shekhe. Mimi ni mama wa huku Urambo, nalea mtoto wa marehemu kaka yangu, ana miaka 12. Tangu shule zifunguliwe Januari hajakanyaga darasani, mume wangu anaenda nae kuchuma tumbaku, usiku anafunga majani ya kupeleka bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Siku zingine anatapika na kichwa kinamzunguka. Nikisema naambiwa Mtume alichunga kondoo utotoni, na haya ya ajira za watoto ni mambo ya wazungu. Kuna dhambi hapo?

JIBU: Waalaykum salaam mama yangu. Swali lako limeninyima usingizi, manake hiyo hoja ya kondoo naisikia kila msimu, wengine wanaileta mpaka msikitini.

Ni kweli Mtume (s.a.w) alichunga, iko kwa Bukhari, lakini hadithi hiyohiyo inasema aliwachungia watu wa Makka kwa malipo, sasa huyo yatima analipwa shilingi ngapi? Na kondoo hamtapishi mtu. Jani la tumbaku likiwa na umande, nikotini yake inapita kwenye ngozi, ndio hicho kizunguzungu, mtoto sio mvivu wala hajarogwa. Watakuletea na Anas bin Malik, alimtumikia Mtume tangu mdogo, sawa, ila Anas mwenyewe anasema miaka 10 yote hakuambiwa hata "uff", anayemtaka Anas aanzie hapo. Mbona hawamtaji Ibn Umar, Mtume alimrudisha asipigane vita vya Uhud akiwa na miaka 14, akaruhusiwa vita vya Khandaq ana 15? Na khalifa Sayyidna Uthman alihutubia, iko kwenye Muwatta, kitabu cha Imam Malik, msimlazimishe mdogo kutafuta riziki, maana akikosa ataiba.

Hilo la wazungu ndio linanichekesha. Wao ndio walijaza watoto kwenye viwanda vya pamba na mashimo ya makaa, na matajiri wao walisema hivohivo, kazi inamjenga mtoto, familia maskini zitakula nini. Uingereza ilibidi ifike 1833 sheria ikataze wa chini ya miaka 9 kwenye viwanda vya nguo. Marekani walitunga yao 1916, Mahakama Kuu ikaifuta 1918, mpaka 1938 ndio ikapatikana ya kusimama. Kwa hiyo anayeongea kizungu hapo ni mzee wako. Sheria yetu ya ajira ya 2004 nayo iko wazi, chini ya miaka 14 haajiriwi, na kazi za hatari ni mpaka 18.

Kuchota maji, kupalilia kidogo Jumamosi, hayo ni malezi. Kumtoa shule na kumtia sumu haijuzu, na akiwa yatima ndio zaidi, jasho lake ni haki yake, soma Sura ya Nisaa aya ya 10, kuhusu wanaokula mali ya yatima. (Tumbaku yenyewe kama ni halali tuiache leo, nikianza nusu ya wilaya itaninunia.)

Ila mumeo simwoni shetani. Mbolea kachukua kwa mkopo wa chama cha msingi cha ushirika, vibarua wanataka chao mkononi, anaona bora mtoto wa ndani. Usibishane nae mbele ya watoto. Kesho mpeleke kijana zahanati, nguo alizochumia zifuliwe, halafu kamwone mwalimu mkuu. Mzee akikataa kabisa nenda ustawi wa jamii, huko sio kumsaliti mume. Kabla ya hapo mwambie aje Ijumaa baada ya swala, simwiti kumsuta, aje na karatasi za hilo deni tuone jamaa wa msikitini wanaweza kumshika mkono vipi kwenye kuchuma.