Nilimpa mtoto kazi ya mtumwa, sasa haji skuli

SUALI: Asalam alaykum Bi Mwalimu, na shikamoo. Mimi nasomesha historia kidato cha pili hapa Wete, darasa lina watoto 62. Mwezi uliopita tulifika kwenye biashara ya utumwa, nimechoka kuwaandikia notsi ubaoni na wao wananakili huku wanasinzia, nikasema leo tuigize. Nikapanga soko la Mkunazini, huyu dalali, hawa wanunuzi, na mtoto mmoja mkimya anaekaa nyuma nikamweka awe mtumwa, tukamfunga mikono kwa kitambaa akanadiwa. Darasa lilicheka sana, nikaona somo limekolea. Balaa limeanza wakati wa mapumziko, wenzake wakawa wanamwita mtumwa, mpaka uwanjani wanamnadi, sasa wiki ya pili hii haji skuli. Baba yake kaja kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu kanambia mbele ya wenzangu niache michezo nirudi kwenye chaki. Lakini Bi Mwalimu, kuna watoto siku ile ndo mara ya kwanza nimesikia sauti zao darasani. Nimekosea wapi, na niache kabisa?

JIBU: Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Nianze na mtoto, historia itafuata.

Leo hii hii nenda kwao. Usimwite ofisini, wewe ndie uende, upige hodi, ukae, useme na wazee wake yeye mwenyewe akiwepo kwamba mwalimu ndie aliekosea na kwamba kazi ile ulimpa wewe wala yeye hakuiomba. Watoto wetu hawajazoea kumsikia mwalimu akiomba radhi, kwa hivo ukilisema atalishika. Na usimwahidi kuwa utawatandika waliomwita vile, maana atarudi skuli akute maadui wamezidi.

Sasa umekosea wapi. Kuigiza si kosa, na nakuomba usiache. Makosa naona mawili, la kwanza umemvisha mtoto mmoja unyonge mbele ya wenzake 61, la pili kipindi kilipokwisha hukumvua. Kengele imelia, kitambaa kimefunguliwa mikononi, lakini nani alisema kwa sauti kwamba yule mtumwa keshaondoka na aliebaki hapa ni mwenzenu? Hakuna, basi wenzake wakaendelea na mchezo uwanjani kama watoto wanavofanya siku zote, mtoto akicheza mama na baba na kupikia vifuu hamalizi mpaka aitwe kula.

Na mada yenyewe hii kwetu si kama kusoma habari za Warumi. Hapa Unguja na Pemba mtoto ambae babu yake aliuzwa na mtoto ambae babu yake alinunua wanakaa dawati moja, na pengine ni mtu huyohuyo mmoja ana damu ya pande zote mbili, na neno lile mpaka leo mtu akigombana mtaani analitoa ili aumize. Wewe umelitoa darasani ukampa mtoto alivae. Mimi miaka mingi nyuma nilimpa mtoto wa kike wa darasa la tano kazi ya mchawi, kwa sababu tu alikuwa hodari wa kubadilisha sauti. Jina lile lilimfuata mpaka anatoka skuli. Nimekuja kukutana nae Darajani mtu mzima na watoto wake, kanisalimu kwa adabu zote, halafu akanisomea maneno yake ya mchezo ule neno kwa neno. Sijasahau uso wake.

Kwa hivo sharti langu ni hili, mtoto asiigize anaedhalilishwa. Kuna namna nyengine za kuusomesha utumwa kwa mchezo na watoto wakafikiri zaidi kuliko ule mnada. Chukua mwaka 1873. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, kabanwa, John Kirk mwakilishi wa Uingereza anamtaka atie saini mkataba wa kufunga soko na kuzuia watu wasisafirishwe baharini, akikataa manuwari zitaziba bandari. Na mwaka wa nyuma yake, 1872, kimbunga kimelala na mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, kwa hivo mashamba ya huko kwenu ndo yamekuwa tegemeo na wenye mashamba wanataka watu wa kuchuma. Mambo hayo wape watoto. Kundi moja wenye mashamba, jengine manahodha wa majahazi, jengine washauri wa Sayyid, kila kundi dakika tatu liseme atie saini au asitie na kwa nini. Kirk uwe wewe mwenyewe, usimpe mtoto, ukiwa ndani ya mchezo unaweza kuubana ukilegea na kuutuliza ukipanda bila ya kupiga kelele za kimwalimu. Njia hii ya mwalimu kuingia mchezoni aliifanyia kazi sana mama mmoja wa Uingereza, Dorothy Heathcote, ambae kabla ya ualimu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kufuma nguo.

Halafu weka kiti kitupu katikati ya baraza. Waambie watoto huyu ndie anaezungumzwa na hakualikwa. Asikae mtu. Watu wakishamaliza kubishana, kila mmoja aandike kwenye daftari lake suali moja ambalo mwenye kiti kile angewauliza waliokaa pale, watakaotaka wasome, wasiotaka wasilazimishwe. Na yule mtoto wako mkimya ataandika kama wenzake, amekaa palepale pake, hakuna anaemtazama.

Mwisho wapashe kilichotokea. Sayyid alitia saini tarehe 5 Juni 1873 na soko likafungwa, lakini utumwa wenyewe ukabaki halali hapa visiwani mpaka 1897. Hiyo ni miaka 24. Waulize mtu aliekuwa anachuma karafuu Pemba mwaka 1880 saini ile ilimsaidia nini, halafu nyamaza uwaache watafute.

Na kuvua. Mimi nilikuwa na kofia moja kuukuu na kanga moja kwenye mkoba, anaeingia mchezoni anavaa, mchezo ukisha anavua anaweka mezani na anasema kwa sauti jina lake na la baba yake, "mimi ni fulani bin fulani", darasa zima linaitikia kwa kumwita jina lake. Haichukui hata dakika mbili. Usiondoke darasani hujafanya hivo, hata kengele ikilia, bora umcheleweshe mwalimu wa kipindi kinachofuata ukamuomba radhi.

La kuitana majina nalo lishughulikie, lakini usimuigize yeye. Tunga kisa chengine, mtoto anachekwa kwa viatu vyake tuseme, anaechekwa uwe wewe mwenyewe, wanafunzi watatu waigize waliobaki mpaka pale pabaya, halafu mchezo urudiwe na anaetazama aruhusiwe kusema "simama", aingie achukue nafasi ya yule rafiki aliekuwa amekaa kimya, aoneshe yeye angefanya nini. Augusto Boal wa Brazil ndie aliesambaza mtindo huu duniani, watazamaji wasikae kama wako sinema. Utaona wengine wakiingia wanashindwa, na hapo darasa ndo linaanza kuzungumza kikweli.

Mwalimu mkuu usibishane nae. Hapo alipo ana mzee wa mtoto mbele yake na ana haki ya kukasirika. Mtoto akisharudi, mpelekee yale madaftari yenye masuali ya kiti kitupu, umwache ayasome.

SUALI: Bi Mwalimu, mimi nasomesha hesabu darasa la nne huku Nungwi, mkondo wa mchana, watoto 80 na kitu. Nasikia watu wanasifu maigizo, lakini nikiwainua hawa kipindi kimekwisha na jirani kaja kulalamika.

JIBU: Usiwainue. Chora duara kwa chaki mbele ya ubao, ndani waingie sita tu, dalali, mvuvi na wanunuzi wanne, na ukiweza watoe wote nje chini ya mti duara ulichore mchangani. Watoto wa Nungwi mnada wa samaki wanaujua kuliko mimi na wewe, huna haja ya kuwafundisha maneno. Walio nje ya duara ndo wenye kazi, kila mmoja na daftari lake. Mvuvi ana mafungu matatu, kila fungu limefika shilingi 4,500, dalali anakata shilingi moja katika kila kumi, mvuvi anarudi na ngapi nyumbani? Kelele zitakuwepo wakati bei inapanda, lakini suali likishatoka utawasikia wananong'ona hesabu. Dalali nae lazma atoe jibu mbele za watu. Alie nje akinyoosha mkono na 12,150 kabla dalali hajafika, anaingia duarani na dalali anatoka.