Tope la Sipi na wale ndege wa kwenye waya

SWALI: Habari mhariri. Mi hukimbia njia za milimani huku Sipi, Kapchorwa, Uganda, sasa hii Novemba mvua imezidi, tope tupu, nishateleza mara mbili. Kaka yangu yuko Stockholm anasema huko saa tisa mchana giza linaingia, anakimbia na tochi kichwani. Nipumzike hadi Januari? Na wale ndege wengi kwenye waya za umeme wametoka wapi?

JIBU: Usipumzike bana! Toka asubuhi, mvua ya mlima Elgon hupenda kunyesha mchana, alafu punguza hatua hasa ukishuka, maana huo udongo wa volkeno ukilowa ni sabuni kabisa. Viatu viwe vya meno marefu.

Ndege wako cheki koo, kama ni jekundu na mkia una ncha mbili ndefu, hao ni mbayuwayu wa Ulaya. Baridi ikianza kule wadudu wa kuruka wanaisha, basi kiumbe cha gramu 20 hivi kinavuka Sahara kuja kula huku, Machi Aprili kinarudi. Mwambie kaka tunamtunzia ndege wake, na kahawa imeiva.