Fidia ya ajali kazini: maswali yenu

Mimi ni fundi wa mjengo hapa Malindi. Nilianguka kutoka kwenye jukwaa, bega likavunjika. Nimekadiriwa ulemavu wa asilimia 10 na mkono hauinuki. Niende kortini?

Bado, ndugu yangu. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inakupa siku 60 tangu uamuzi kuandika pingamizi kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Yeye ana siku 14 za kukujibu kwa maandishi. Usiporidhika, una siku 30 tangu kupokea jibu kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo hata hapa Malindi inakaa. Wengi huandika pingamizi la mistari miwili, wakitumaini kujieleza vizuri mbele ya jaji. Hapo ndipo wanapoumia, kwani rufaa kwa kawaida hutazama karatasi zilizokuwa mbele ya Mkurugenzi. Picha za eksirei, kadi za kliniki, ripoti ya daktari wa pili, zote ziingie sasa, na nakala yako igongwe muhuri wa tarehe.

Daktari wa pili nimwambie nini? Mimi ni mpishi wa hoteli, mafuta yaliniunguza mkono wa kulia.

Mweleze kazi yako, bibie. "Mkono unauma" hakutamsaidia. Sema sufuria la pilau hulinyanyui tena, vidole viwili havikunjiki, kisu kinakuponyoka ukikata vitunguu. Akiuliza kama waweza kubeba ndoo, nawe waweza, usikane: mwambie ni nusu ndoo, kwa mkono wa kushoto. Ukinaswa kwa uongo wa ndoo, hata kovu lako litashukiwa.

Kisha piga hesabu. Ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96. Kwa mshahara wa shilingi 20,000, asilimia 10 ni 192,000. Asilimia 15 ni 288,000. Na mapato si mshahara mtupu: thamani ya chakula na malazi unayopewa na mwajiri nayo huhesabiwa. Mwajiri hatakukumbusha hilo.

Ni baharia wa mashua ya mizigo, Lamu. Niliumia mguu tukishusha saruji. Sina mkataba, na tajiri wa chombo ananikana.

Mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Chapisha taarifa ya M-Pesa ionyeshe malipo yake kwako, na wenzio waliokuwa chomboni siku hiyo waandike walichokiona. Dai lipelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali. Tajiri anayekulipa kila Alhamisi kisha asikujue, huyo ana lake jambo.

Mwanangu aliyeumia ni kiziwi. Naweza kumtafsiria kortini?

Usijitwike hilo, mama; utajikuta unajibu yako badala ya yake. Ibara ya 54 ya Katiba inampa haki ya kutumia lugha ya ishara. Iandikieni korti mapema kuomba mkalimani, msingoje asubuhi ya kesi.